Harufu ya Ziwani

Wilfred, mkaguzi wa kampuni ya kununua kahawa, alichomoa bambo kwenye gunia la tisa, akamimina punje kiganjani, akazinusa. Akazinusa tena. Uso ukamkunjamana, na watu wote waliokuwa wamesimama nje ya ghala la kikundi wakajua kwamba siku imeharibika.

"Hili lina samaki," akasema.

Kunigunda alikuwa amekaa kwenye gogo karibu na mlango, mahali anapowekwa kila mkutano kwa heshima ya umri wake, na kwa sababu marehemu mumewe ndiye aliyepanda miche ya kwanza ya kahawa upande ule wa mlima. Aliliangalia lile gunia. Chini, kwenye pembe, lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa buluu, mishono mikubwa mikubwa ya mtu asiyeona vizuri. Mishono ile ilikuwa yake. Akaushika mkongojo wake kwa mikono miwili.

Kahawa haitunzi siri. Iweke karibu na mafuta ya taa, itanuka mafuta ya taa. Iweke chumba kimoja na mbuzi, mnunuzi atakuuliza habari za mbuzi wako. Hilo kila mtoto wa Umatengo analijua kabla hajajua Baba Yetu. Enzi za chama cha ushirika halikuwa tatizo, maana magunia mapya ya katani yaliletwa na lori kila msimu. Ikaja ruksa ya biashara binafsi. Chama kikafa polepole, bila hata matanga, wakaja wanunuzi binafsi na magari yao ya kung'aa, na gunia likawa kila mtu na lake. Msimu ule Kunigunda alipungukiwa gunia moja. Akachukua lile alilopewa na Otilia, mwanamke wa pale kijijini, mwaka juzi, akalifua mtoni mara tatu kwa sabuni ya mche, akalianika siku nzima, akalinusa. Kwa pua yake ya miaka sabini na ushee, halikunuka chochote.

"La nani?" aliuliza Wilfred.

Wendelin, mwenyekiti wa kikundi, aliinama kusoma maandishi ya mkaa. "Limeandikwa Raimundi," akasema.

Hapo hapakuhitajika mtu kuongeza neno. Raimundi, mtoto wa pekee wa Kunigunda, alikuwa Tunduru mwaka wa pili sasa akichimba vito, na hajaleta jiwe wala barua. Magunia yote ya nyumba yao yaliandikwa jina lake, ya mama na ya mke. Lakini vichwa havikugeuka kwa mama. Viligeuka vyote kwa mke, kwa Siwema, aliyekuwa amesimama nyuma na kanga yake mabegani. Siwema alizaliwa Liuli, kando ya ziwa. Na kwa bahati mbaya iliyoje, wiki iliyopita tu alikuwa ametoka huko kumuuguza mama yake mzazi.

"Nikikuta gunia jingine la namna hii," alisema Wilfred akifuta bambo kwa kitambaa, "gari letu halitapanda tena mlima huu." Akaondoka na vumbi lake kuelekea Mbinga. Gunia la tisa aliliacha pale mlangoni.

Sasa niseme yale yaliyokuwa yakisemwa mlimani kuhusu watu wa ziwani, ingawa yananikera hata kuyarudia. Ati hawajui jembe. Ati wanakaa mchangani wakingoja samaki watoke wenyewe. Ati wana dawa zao. Na zaidi ya yote, ati wana harufu isiyotoka kwa sabuni wala kwa ubatizo. Kunigunda aliyasema yote hayo, tena kwa sauti, miaka tisa iliyopita, Raimundi alipomleta binti huyo Mwanglikana nyumbani na kusema huyu ndiye. Siwema akapokelewa Ukatoliki, akafunga ndoa parokiani, akajifunza Kimatengo mpaka kutaniana nacho. Bado mwaka mzima wa kwanza Kunigunda alikuwa akisuuza upawa kila Siwema alipomaliza kuutumia. Aliusuuza uani, mbele za watu, na wala hakujificha.

Siwema alishika jembe. Huko kwetu mlimani mke hupimwa kwenye ngoro, yale mashimo tunayoyachimba mteremkoni, nyasi zikapangwa miraba miraba na udongo ukapinduliwa juu yake, ili mvua isishuke na shamba zima bondeni. Mwaka wa tatu mvua ilinyesha wiki mbili mfululizo na ngoro za majirani zikabomoka. Za Siwema zilisimama. Watu walikuja kuziangalia. Kunigunda akasema, "Anajitahidi, kwa mtu wa ziwani." Alidhani amemsifu.

Na dagaa je? Mlima mzima ulikula dagaa. Otilia, mke wa mwenyekiti huyo huyo Wendelin, alikuwa mchuuzi. Alikwenda Mbamba Bay, akarudi na magunia ya dagaa, akayauza mnadani Litembo. Nyumba yake ilinuka kiasi kwamba paka wa kijiji kizima walihamia kwake. Hakuna aliyepata kusema Otilia ananuka. Otilia alikuwa na biashara. Siwema ndiye aliyekuwa na harufu.

Kikao kilikaliwa pale pale, Jumanne ile ile. Siwema aliomba nafasi ya kusema, akasimama.

"Mwenyekiti, magunia yangu niliyashona mwenyewe kwa kamba ya katani. Mnaweza kuyaangalia, yamo humo ndani. Hili la uzi wa buluu si langu."

"Limeandikwa Raimundi," alisema Wendelin.

"Jina la Raimundi linaandikwa na nyumba mbili."

Watu wakaguna. Mtu mmoja akatema mate kando. "Unataka kumsingizia mama mkubwa?" aliuliza Wendelin taratibu, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujirudi. Wendelin alikuwa mtoto wa mdogo wake marehemu mume wa Kunigunda, na alimheshimu kweli kweli.

Siwema alimwangalia mkwewe. Kunigunda aliona anaangaliwa. Akainamisha macho, akayapeleka kwenye ncha ya mkongojo wake.

"Sijasema hivyo," alisema Siwema, akakaa.

Ikapitishwa. Kuanzia leo, mtu wa ziwani asiingie ghalani, asiguse mashine ya kumenyea, asianike kwenye vichanja vya kikundi. Katibu aliandika hivyo, "mtu wa ziwani". Mlima mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa ziwani, lakini jina hawakuliandika. Jina lingewatia haya.

Uchungu wa kanuni ile uliujua ukiwa na buni. Buni mbivu hazingoji. Ukizichuma leo, leo uzimenye, la sivyo zinachacha na kahawa inaharibika. Mashine ilikuwa moja, ya kikundi. Nusu ya mibuni ya Siwema ilikuwa bado miekundu tupu, na katiba ya kikundi ilisema wazi: asiyeendelea kuleta kahawa safi mpaka msimu ufungwe, anafutwa. Raimundi hayupo, mke amefutwa. Hapo ndugu wangeanza kuuliza shamba lile sasa ni la nani. Siwema alilijua hilo. Kunigunda alilijua zaidi, maana aliwahi kukaa kwenye vikao vya ukoo vya namna hiyo na kupiga kura.

Usiku ule hakulala, lakini hilo tuliache, wazee hawalali hata bila sababu. Shida ilikuwa mchana. Jumatano alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Akaenda chooni bila haja. Akaketi, akasimama, akamwita kuku, kuku alipokuja akamfukuza. Uani kwa Siwema, hatua thelathini tu kutoka kwake, ulikuwa unasikika mchi. Siwema alikuwa ameamka alfajiri kwenye ukungu, amechuma buni kikapu tele, na sasa alikuwa akizitwanga na maji kwenye kinu cha mahindi ili maganda yatoke. Punje nyingine zilitoka nzima. Nyingi zilipasuka. Punje iliyopasuka hainunuliwi, na Siwema alichutama akizichagua moja moja kwenye ungo, mikono imemvimba kwa baridi.

"Mama, shikamoo," alisema alipomwona Kunigunda amesimama kwenye ua.

"Marahaba. Zinatoka?"

"Zinatoka kidogo."

Hayo tu. Kunigunda alifungua mdomo, akaomba chumvi, na chumvi alikuwa nayo.

Alhamisi aliamua. Alijifunga kanga vizuri, akashika njia ya kwa Wendelin. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Gunia lile, mwanangu, ni langu. Ni rahisi, maneno sita hayafiki. Alipofika kwenye kijito akasimama. Akamwona marehemu mumewe akipanda miche ile, watu wakimcheka, miche ikishika, watu wakija kuomba mbegu. Akajiona mwenyewe akinyooshewa kidole: yule ndiye aliyetuharibia kahawa. Ataondolewa kwenye gogo lake. Watamsema mtoni, watamsema kanisani. Atakuwa bibi wa samaki. Akageuka. Nitasema kesho, alijiambia, na alikasirika kwa jinsi alivyoyaamini maneno yake mwenyewe.

Kesho yake alikuja Otilia, beseni la dagaa kichwani, akielekea mnadani.

"Shikamoo mama. Poleni na yaliyowafika."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Lakini tulisema tangu mwanzo, mama. Wala si kosa lake, ndivyo walivyo." Otilia alishusha beseni, akachota dagaa kwa viganja viwili, akaweka kwenye kibakuli cha Kunigunda. "Upate kitoweo. Najua hamna raha hapa."

Kunigunda alimshukuru. Otilia alipopotea njiani, akawamwaga dagaa wale kwa kuku, kisha akanawa mikono, kisha akanawa tena. Huku uani mchi ulikuwa ukilia. Jumamosi ulilia pia, ila kwa kusitasita, maana viganja vya Siwema vilikuwa vimechubuka na alikuwa amevifunga matambara. Nyuma ya nyumba lundo la buni alizoshindwa kuzimaliza lilikuwa limeanza kuchacha, na nzi wadogo walilizunguka.

Jumapili walikwenda misa. Siwema aliketi mwisho wa benchi. Wanawake waliokuwa wameketi hapo wakasogea, mmoja kidogo, mwingine kidogo, bila kumwangalia, mpaka pakabaki nafasi ya watu watatu katikati. Kunigunda alikuwa benchi la nyuma yake. Angeweza kusimama akaenda kujaza nafasi ile. Hakusimama. Alimwangalia shingo, aliyokuwa ameinyoosha kabisa akiimba kila wimbo mpaka ubeti wa mwisho, na akasikia hasira ya kujichukia mwenyewe, isiyo na pa kwenda.

Baada ya misa Siwema alishika njia ya nyumbani kwa haraka, buni zilikuwa zinamngoja. Wanakikundi walikwenda ghalani kwa kikao chao cha kila Jumapili. Kunigunda aliwekewa gogo lake. Hakukaa.

"Gunia lile ni langu," alisema.

"Gunia lipi, mama mkubwa?" aliuliza Wendelin.

"La samaki. La uzi wa buluu. Nililishona mimi, nililifua mimi, na kahawa iliyokuwamo ni yangu mimi. Siwema hakulijua."

Mtu wa nyuma alianza kucheka. Akafuatia mwingine. Wendelin mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati. "Mama mkubwa, umetuvunja mbavu. Kumbe ni wewe? Na ulilitoa wapi gunia hilo?"

"Kwa mkeo."

Hapo ndipo walipocheka hasa. Otilia alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Mwanamke mmoja alimshika Kunigunda mkono na kusema pole mama, ni macho hayo, ni umri, yangemfika yeyote. Wendelin akasema basi, ni bahati mbaya tu, na msimu ujao kikundi kitamtafutia mama gunia jipya. Akaligonga gogo kwa kiganja ili aketi. Tangu Jumanne Kunigunda alikuwa akiogopa aibu, na sasa alikuwa akiitafuta usoni mwao asiione popote. Walimpenda. Upendo ule ulimchoma kuliko kama wangemtukana.

"Na Siwema?" aliuliza.

Kicheko kikapungua. Wendelin alijikuna kidevu. "Siwema naye atulie kwanza. Kanuni imeshaandikwa, na mkaguzi nimemtumia habari kwamba tumechukua hatua. Tukiifuta leo atatuona hatuna msimamo."

"Mmeiandika kwa ajili ya gunia langu."

"Ni kweli. Lakini hata kama safari hii si yeye, kesho je?"

"Wendelin, samaki wametoka kwangu, na mimi unanipigia gogo nikae. Yeye hakuleta samaki, na mmemnyima mashine. Nionyeshe kosa lake."

Wendelin akamsogelea, akashusha sauti, kwa upole kabisa, kama anavyosema mtu na mzee anayesahausahau. "Mama mkubwa, unayajua mwenyewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukisuuza upawa. Sisi sote tulikuwa tukikuona."

Wengine walitikisa kichwa kukubali, bila ubaya wowote. Walikumbuka. Kunigunda naye alikumbuka.

"Basi nifuteni na mimi," alisema mwishowe.

"Hatuwezi kumfuta mama yetu."

Alikwenda kwenye vichanja, mahali kahawa yake ya mwisho ilipokuwa ikianikwa, bado mbichi. Akatandika kanga yake ya mabegani chini, akaanza kuikusanya kwa mikono. Hakuna aliyemzuia. Wanawake wawili walikuja kumsaidia, wakidhani anaipeleka kuanika nyumbani kwa sababu jua la huko ni zuri zaidi, na mmoja akajitolea kumbebea. Alikataa. Alijitwisha mwenyewe, maji ya kahawa yakimchuruzika shingoni, akaliacha gogo lake likiwa tupu na kikao kikiendelea na ajenda ya pili.

Siwema alikuwa uani, kinu kati ya magoti, matambara ya mikononi yamelowa. Aliinua uso akamwona mkwewe anaingia na furushi, bila kanga mabegani, anahema.

"Mama, vipi? Nani amekutwisha?"

Kunigunda alishusha furushi juu ya mkeka. Akabaki amesimama.

"Lile gunia lilikuwa langu," alisema. "Nimewaambia sasa hivi. Wamecheka. Kanuni hawakuitoa. Nimetoa kahawa yangu kwao."

Siwema alimsikiliza mpaka mwisho. Aliweka mchi chini. Hakuonekana kushangaa sana, na hilo lilimtisha Kunigunda.

"Ulijua lini, mama?"

Angeweza kusema leo. Angeweza kusema jana, nilipokuwa nikiwaza. Yote mawili yalimjia mdomoni, tayari kabisa.

"Jumanne," alisema.

"Jumanne, kabla sijasimama kusema, au baada ya hapo?"

"Kabla."

Siwema alitazama mikono yake. Akafungua tambara moja polepole, akalikamua, akalifunga tena. Kwa jirani palikuwa na mtu akipasua kuni. Kunigunda alingoja atukanwe; alitaka sana atukanwe, hata kwa Kinyasa, lugha ya ziwani ambayo miaka yote tisa hakujisumbua kujifunza.

"Wao walidhani, mama," alisema Siwema. "Wewe ulijua."

Akasema hivyo tu, kwa adabu, kama alivyosema naye siku zote. Kisha akachota buni nyingine kikapuni, zile zilizokuwa bado hazijachacha, akazitia kinuni na maji.

Kunigunda alitafuta kigoda, akakileta mwenyewe, akaketi upande wa pili. Akaunyoosha mkono akauchukua mchi. Siwema hakumkataza, wala hakumsogezea kinu.